Mate ya Cucu Wamuyu

Kila asubuhi, kabla hata ya kunywa chai, Kathure alikuwa ameshaziba pua mara kadhaa. Aliiziba akipita karibu na zizi la mbuzi, akaiziba akienda chooni, akaiziba tena Winfred alipomletea kikombe cha maziwa ya mbuzi ambayo bado yalikuwa na joto la kiwele. Alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili, mtoto wa Kaaga huko Meru mjini, ambako maji hutoka mferejini na mbuzi huonekana akiwa tayari ni nyama. Likizo ya Agosti ilikuwa imemtupa nje kidogo ya Kiritiri, katika boma la Baba Winfred, na huko, kwa maoni yake, kila kitu kilinuka.

"Hiyo sweta itakuotea puani," Winfred alimtania. Alikuwa mtoto wa boma hilo, na walikuwa rika moja.

"Heri sweta kuliko hao mbuzi wako," Kathure akajibu, na pua yake ikabaki ndani ya mkono wa sweta.

Mbuzi aliyemchukiza zaidi alikuwa Nyange. Huyu alikuwa mbuzi jike mweupe, mali ya Winfred mwenyewe. Babu yake alimpa mwaka juzi, miezi michache kabla ya kufariki, akamwambia amtunze kama macho yake. Sasa Nyange alikuwa na mimba, na alikuwa na minyoo. Mbavu zilihesabika, manyoya yalisimama kama ya paka aliyenyeshewa, na alihara mchana kutwa. Winfred alimwosha mkia kwa mikono mitupu, polepole, huku akimsemesha Kimbeere. Siku ya kwanza Kathure alipoona vile, alikimbilia nyuma ya nyumba akatapika chai yote. Winfred alicheka, lakini usiku huohuo Kathure alimsikia akiomba Mungu asimchukue Nyange.

Aliyemleta Kathure huko ni shangazi yake, Daktari Karwirwa, ambaye alikuwa mgeni wa kupanga katika boma hilo kwa mwezi mmoja. Watu wa Kiritiri waliposikia neno daktari, walianza kuja. Mama mmoja alileta jogoo anayekohoa. Mzee Kivuti, mwuza makaa, alikuja akafungua mdomo wote kuonyesha jino bovu. Shangazi Karwirwa akawaeleza kwa upole kwamba yeye si daktari wa kutibu; yeye ni mwanahistoria wa sayansi, anafundisha chuo kikuu. Kazi yake ni kuuliza watu walijua nini zamani, walikijuaje, na ni nani alikosea kabla ya mwingine kupatia. Mzee Kivuti alifunga mdomo, akafikiri, akasema, "Kumbe wewe ni daktari wa dawa zilizokufa." Jina hilo likashika soko zima. Hata hivyo udaktari haukumtoka. Kwa Baba Winfred hasa, neno lolote lililosemwa karibu na Daktari lilikuwa kama limepigwa muhuri.

Siku moja Shangazi alikuwa na safari ya Gachoka kuonana na bwana mifugo mmoja mstaafu. Kabla ya kuondoka alimwita Kathure. Alimweleza kwamba Cucu Wamuyu, yule bibi kizee wa boma la jirani, angechukuliwa na mwanawe siku chache zijazo akaishi Nanyuki. Ndiye aliyebaki peke yake, pande zile, anayekumbuka jinsi mbuzi walivyotibiwa kabla dawa za dukani hazijafika. Akamwomba aende kwake, amsalimie, akae naye, asikilize. Kimeru cha Kathure na Kimbeere cha Cucu vingeelewana, alisema, mradi hakuna anayeharakisha.

"Usinirembee kitu," alimaliza. "Niletee ulichosikia."

Kathure alikubali, kwa sababu kazi hiyo ilimfanya ajione mtu mkubwa.

Ukubwa huo uliishia kwenye mlango wa Cucu Wamuyu. Pale nje ngozi ya mbuzi ilikuwa imetandazwa juani, imejaa nzi hadi ikaonekana inatembea. Cucu aliketi kando yake juu ya kigoda, mdomo wa chini umevimba kwa ugoro, michirizi ya kahawia imekauka kidevuni. Ndani ya nyumba, gizani, mwanambuzi alikuwa akilia. Harufu ya moshi, ngozi, mkojo na tumbaku ilimpiga Kathure kama kofi.

"Uka, mwana, uka," Cucu alimwita, akimwonyesha aje. Alimshika mikono, akaikunjua viganja vikatazama juu, akanong'ona maneno ya baraka kama wazee wa huko wanavyofanya. Kisha akainama, akatema mate katikati ya viganja vile. Yalikuwa mate membamba, ya rangi ya chai ya rangi.

Kathure alichomoa mikono. Aliipangusa kwenye sketi, akaipangusa kwenye nyasi, akasema anaitwa nyumbani. Alipokuwa akikimbia alisikia sauti ya bibi nyuma yake ikisema jambo refu, lakini aliyoyashika yalikuwa maneno mawili tu: mbaki na mburi. Tumbaku na mbuzi.

Alijificha nyuma ya mikonge, akasugua viganja kwa mchanga mpaka vikawa vyekundu. Kurudi hakuweza. Kwenda nyumbani mikono mitupu, aibu. Basi akakaa hapo, akayachukua yale maneno mawili akayajengea nyumba.

Jioni walikula ugali na kunde. Shangazi alikuwa amerudi, ana vumbi mpaka kwenye nyusi, na aliuliza habari za Cucu. Kathure akaanza kusimulia. Alianza polepole, halafu alipoona watu wazima wameacha kutafuna wakamsikiliza, hadithi ikashika kasi yenyewe. Alisema hapo kale mbuzi akipata minyoo alichemshiwa tumbaku. Alisema mbuzi alinyweshwa maji yale, na kesho yake minyoo ilitoka yote, mirefu, imesokotana kama tambi za dukani. Mama Winfred alirudisha tonge kwenye sahani.

"Alinyweshwa kiasi gani?" Baba Winfred akauliza.

"Kibuyu kizima," Kathure akasema.

"Kizima?"

"Kizima. Na hakuna mbuzi aliyekufa."

Winfred alimtazama kwa macho yaliyojaa tumaini, na Kathure akaona raha, ile raha ya mtu anayesifiwa kwa nguo ya kuazima. Shangazi peke yake hakuonyesha furaha. Alimwuliza kama Cucu alimbariki. Kathure akasema ndiyo. Shangazi akauliza alimbariki vipi.

"Aliniwekea mkono kichwani."

Shangazi Karwirwa aliyekuwa ameshika tonge aliliweka chini. Uso wake ulijikunja kidogo, kama mtu aliyeng'ata kunde yenye mdudu. Alisukuma sahani, akasema ameshiba, ingawa hakuwa amekula nusu. Kisha akamwambia Kathure kwamba asubuhi wataenda kwa Cucu wote wawili. Hakusema zaidi mbele ya wenye nyumba.

Asubuhi waliondoka mapema, Baba Winfred akiwa tayari jikoni akichochea moto. Njiani Shangazi hakumgombeza. Alimhadithia mambo yake mwenyewe. Zamani alikuwa anasomea kemia, na babake, mwalimu wa Kaaga, alikuwa ameshawatangazia waumini kanisani kwamba binti yake atakuwa mfamasia. Siku moja, katika maktaba ya chuo, alisoma ukurasa kuhusu jinsi wafugaji wa mahali fulani walivyotibu ngozi za mifugo. Aliyaona maneno hayohayo katika kitabu cha pili, na cha tatu, na cha nne. Alipofunga safari kwenda kuwauliza wenyewe, wazee wale walicheka mpaka wakashika mbavu. Hawakuwahi kufanya hivyo hata siku moja.

"Nilitafuta ukweli wa jambo hilo kwa miaka," Shangazi alisema. "Nilikaa kwenye vyumba vya makaratasi ya zamani, mavi ya mende yananiangukia kwenye chai. Nikapata barua ya yule bwana aliyeandika kwanza. Anamwambia mkewe kwamba kijiji kilinuka, akabaki ndani ya gari, akafunga vioo. Yale mengine akajitungia."

"Kwa nini waliofuata hawakuenda kuuliza?"

"Kwa sababu ilikuwa imeandikwa vizuri. Uongo uliopangwa vizuri hauulizwi maswali. Mimi nilipoisoma ile barua nilisikia kichefuchefu, Kathure, si cha mchezo. Watu walikuwa wamepaka mifugo yao ule uchafu wake kwa miaka, kwa kuwa kitabu kimesema. Nikaacha mambo ya ufamasia. Baba hakunisemesha tangu Pasaka mpaka Krismasi. Lakini mtu mmoja ilibidi awe anarudi nyuma kutazama nani alifunga vioo."

Kathure alikuwa anatazama vidole vya miguu yake. Kitu kichungu kilianza kumpanda kooni, na safari hii hapakuwa na mbuzi karibu.

Hapo wakakutana na Winfred. Alikuwa anakuja mbio kutoka boma la ng'ambo, amekumbatia kibuyu kikubwa alichokwenda kuazima. Alisema Baba ameshachemsha tumbaku, na imetoka nyeusi kama lami. Anaanza na beberu ili kujaribu, halafu atampa Nyange.

"Akizaa jike nitakupa wewe," akamwambia Kathure. Alikuwa anatabasamu kwa uso wote. "Kweli. Nimeshamwambia Mama."

Kathure angeweza kunyamaza. Shangazi hakuwa amemuuliza kitu, na huenda dawa ingefanya kazi, nani ajuaye. Lakini akilini aliona ile midomo ya Nyange ikifunguliwa kwa nguvu, na Winfred akimshika shingo na kumsemesha Kimbeere asiogope.

"Sikuingia," akasema. Sauti ilitoka ndogo, ikabidi arudie. "Sikuingia kwa Cucu. Alinitemea mate nikakimbia. Yale yote nilijitungia."

Winfred hakuelewa mara moja. Alipoelewa, kibuyu kilimtoka mikononi. Walikimbia wote watatu, Shangazi ameshika viatu mkononi, na Kathure ndiye aliyetangulia.

Baba Winfred hakuwa amesubiri kibuyu. Alikuwa amemnywesha beberu kwa chupa ya soda, na sasa alikuwa amembana Nyange kwa goti, kidole gumba ndani ya taya, chupa imeinuliwa.

"Usimpe, Baba Winfred," Kathure alisema akihema. "Nilidanganya. Cucu hakuniambia hivyo."

Yule mzee aliganda na chupa yake hewani. Kabla hajasema kitu, beberu alianza kutetemeka nyuma yake. Alitokwa na ute mdomoni, mweupe kwanza, kisha wa kahawia. Akapepesuka, akaharisha ukutani, akaanguka kwa magoti.

Shangazi alikuwa ameshampigia simu bwana mifugo wa Gachoka. Alisikiliza, akarudia kwa sauti alichoambiwa: makaa yapondwe mpaka yawe unga, yakorogwe na maji, beberu apewe kidogokidogo huku kichwa kimeinuliwa asipaliwe, na daktari wa mifugo wa Kiritiri aitwe upesi. Mama Winfred alikimbilia gunia la makaa walilonunua kwa Mzee Kivuti. Winfred alikuwa amemfunika Nyange kwa mwili wake na hakuweza kumwachilia.

"Nani atashika kichwa?" Baba Winfred akauliza.

Kathure alipiga magoti kwenye uchafu ule na kukishika. Beberu alikuwa mzito na alinuka kama mabeberu wote wanukavyo, uvundo unaokaa kwenye nguo mpaka zioshwe mara tatu. Ute ulimmiminikia mkononi ukaingia ndani ya sweta. Maji meusi ya makaa yalirushwa yakampata usoni. Alisikia kichefuchefu, akageuza shingo akatapika kando, akarudisha uso palepale. Kichwa cha beberu hakukiachilia.

Daktari wa mifugo, Mutegi, alifika kwa pikipiki, akadunga sindano, akasikiliza moyo, akakaa. Jua lilipokuwa kali beberu alinyanyuka, akajikung'uta, akaanza kutafuna kamba yake mwenyewe. Mutegi alitazama chupa ile nyeusi, akainusa akafanya uso mbaya. Alisema yule beberu amepona kwa sababu ni mkubwa na amekunywa kidogo. Yule mweupe mwenye mimba na aliyedhoofika asingefika saa sita. Akampima Nyange, akampa dawa ya minyoo inayofaa mbuzi mwenye mimba, akaahidi kurudi.

Kathure alingoja kugombezwa. Baba Winfred hakumgombeza. Alinawa mikono muda mrefu, akasema bila kumtazama, "Niliamini kwa sababu limesemwa mbele ya Daktari." Akaenda zake. Winfred naye alimpita kana kwamba amepita karibu na kitu kilichooza, na hakuziba pua, jambo lililokuwa baya zaidi. Kathure akajinusa. Beberu, makaa, matapishi. Lakini kilichomtia kinyaa hakikuwa kwenye nguo. Kila alipokumbuka alivyosema "kizima" jana kwa sauti ile tamu, alitamani kujitoa ulimi autupe.

Alasiri hiyo alimwomba Shangazi waende kwa Cucu.

Nzi walikuwa palepale na ngozi ilikuwa palepale. Kathure alisimama mbele ya kigoda akaomba msamaha kwa kukimbia, halafu akainama akaingia gizani, akaketi karibu na mwanambuzi. Harufu ilikuwa ileile. Hakuizoea. Aliketi tu.

Cucu Wamuyu alisikiliza kisa cha beberu chote. Kathure alipofika kwenye kibuyu, Cucu alimkatiza.

"Kibuyu kizima?" Akacheka, ugoro ukaonekana. "Kibuyu cha mbaki hakiwi kizima kamwe."

Alinyosha mkono akatungua kitu ukutani, cheusi kwa masizi. Kilikuwa kibuyu kilichokatwa ubavuni, kipana kama bakuli lililovunjika, hakina mdomo wala shingo. Akaeleza taratibu, Shangazi akirekodi. Maji ya mbaki yalikuwa ya kuosha ngozi ya mbuzi, kufukuza kupe na viroboto, na hayakupakwa penye kidonda. Zamani, mwaka wa minyoo mingi, baba mkwe wake aliwaza kwamba kinachoua kupe kwa nje kitaua minyoo kwa ndani. Akawanywesha mbuzi wake. Walikufa karibu wote mbele ya macho yao, na watoto walilia mpaka usiku. Tangu siku hiyo, katika boma lao, kila kibuyu cha mbaki kilikatwa mdomo na shingo, ili hata mtu akiwa na haraka au usingizi asiweze kumnywesha mnyama kwacho.

Shangazi Karwirwa alikipokea kibuyu kile kwa mikono miwili, akakigeuzageuza. Kwa mara ya kwanza tangu jana uso wake ulifunguka. Alisema amezunguka vyumba vingi vya makaratasi na hajaona mahali kosa limehifadhiwa vizuri namna hii.

"Hawakulificha kosa lao," akamwambia Kathure. "Wewe ungeliwafichia. Ungewaandikia kwamba hakuna mbuzi aliyekufa, na kazi yote ya yule aliyekata kibuyu ingepotea."

Walipoaga, Kathure alinyosha mikono mwenyewe, viganja juu. Cucu alimtazama, akatabasamu, akanong'ona maneno yake, akatema. Kathure alifumba macho. Mikono hakuichomoa.

Alirudi nyumbani ameibeba mbele yake, mbali na mwili, kama mtu aliyeshika sahani mbili za uji. Winfred alikuwa zizini akimlisha Nyange majani. Alimwona vile, akajaribu kutocheka, akashindwa. Alikwenda akaleta birika na kipande cha sabuni, akasimama mbele yake. Kathure akasita, akamtazama Shangazi.

"Ninaweza kunawa? Haitaharibu baraka?"

"Nawa," Shangazi akasema. "Nawa vizuri na sabuni, ndiyo afya. Kuona kinyaa si kosa. Mwili una haki ya kusema haupendi. Ukishindwa kuingia mahali, rudi useme umeshindwa. Hata mimi nilikuwa na shaka jana mezani, nikanyamaza nisikuaibishe, na kunyamaza kwangu karibu kumuue Nyange. Ilinipasa niseme palepale. Mate yanatoka kwa sabuni, Kathure. Uongo ukishaingia kwenye masikio ya watu, utatafuta sabuni wapi?"

Winfred alimimina maji. Yalikuwa ya baridi, na yeye aliyamimina polepole, vile alivyokuwa akimwosha Nyange.

"Leo hukuziba pua," akasema.

"Nitaiziba kesho," Kathure akajibu. "Hao mbuzi wako bado wananuka."